Kuitwa usaili katika kazi za utawala na miradi ya afya Uganda: ushauri kwa wanaoanza

Wadogo zangu mnaomaliza vyuo na kutafuta kazi za utawala, kumbukumbu, ghala, uhasibu na miradi katika sekta ya afya, nianze na jambo ambalo wengi hamwambiwi. Kwenye mchujo hakuna anayemtafuta mtu bora. Mtu bora hutafutwa siku ya usaili. Siku ya mchujo watu wawili watatu wamekaa mezani, mbele yao kuna rundo la maombi na karatasi yenye jedwali. Upande wa kushoto ni majina. Juu ni masharti ya tangazo, kila sharti na safu yake: shahada inayotakiwa, miaka ya uzoefu, kazi inayofanana na hii, vyeti vilivyothibitishwa, uraia. Wanafungua faili lako, wanatafuta uthibitisho wa sharti la kwanza, wanaweka tiki, wanahamia la pili. Wasipouona uthibitisho, safu inabaki tupu na faili linawekwa kando. Hawakujui, na hawatakupigia simu kukuuliza.

Nimefanya kazi ya utawala hospitalini na kwenye miradi huku West Nile, na meza hiyo nimeikalia. Kinachoniuma ni kumwona kijana ambaye kazi anaiweza kabisa akiachwa kwa sababu uzoefu wake ameuficha katika aya ndefu ya ukurasa wa tatu, au cheti chake hakina muhuri, au jina la cheo alichoomba silo lililotangazwa. Faili lako lipange ili mtu aliyechoka, mwenye mafaili mengine mia mbele yake, aone kila sharti bila kulitafuta.

Kwanza ujue unabisha mlango wa nani, maana afya ya umma hapa Uganda haina mwajiri mmoja. Tume ya Huduma za Afya, iliyowekwa na Katiba ya mwaka 1995, ndiyo inayoajiri watumishi wa afya wa makao makuu ya wizara, wa hospitali za taifa kama Mulago na Butabika, na wa hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Gulu, Mbale na Fort Portal. Tume ya Utumishi wa Umma inashughulikia kada nyingine nyingi za wizara. Wilayani kuna Tume ya Utumishi ya Wilaya, na hii ndiyo inayowajaza watu katika vituo vya afya na katika ofisi ya afya ya wilaya. Ndani ya hospitali moja utamkuta muuguzi aliyeingia kwa tume moja, na mhasibu aliyepangiwa kituo kutoka Wizara ya Fedha kwa sababu kada yake iko chini ya Mhasibu Mkuu wa Serikali. Shirika la kununua na kusambaza dawa, NMS, na mamlaka ya dawa, NDA, wanaajiri wenyewe. Hospitali za madhehebu zisizo za faida, kama Lacor, Nsambya, Mengo, Kibuli na Kuluva hapa karibu na Arua, nazo zinaajiri kupitia uongozi wao. Miradi ni habari nyingine, nitaifikia.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu nimeona barua ya maombi ya nafasi ya wilaya imeandikiwa katibu mkuu wa wizara, na barua ya hospitali ya rufaa imepelekwa kwa CAO, mtendaji mkuu wa utawala wa wilaya. Tangazo linasema wazi maombi yaelekezwe kwa nani. Lisome mara mbili, halafu mpe mtu mwingine alisome, kisha mlinganishe mlichokielewa.

Nafasi za wilayani zina mwendo wake. Wilaya haiwezi kutangaza kazi kwa sababu tu kituo kina upungufu wa watu. Lazima fedha za mishahara ziwepo kwenye bajeti, nafasi iwe kwenye muundo uliokubaliwa, na Wizara ya Utumishi wa Umma itoe kibali. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo ukisikia kituo cha afya cha daraja la nne hakina mtunza ghala au msaidizi wa hesabu, usikimbilie kuandika barua leo. Fuatilia ubao wa matangazo wa wilaya, magazeti ya New Vision na Daily Monitor, na tovuti za tume. Likitoka, muda wa kuomba ni mfupi. Anayeanza kutafuta muhuri wa vyeti siku hiyo amechelewa tayari.

Sasa fomu. Kazi nyingi za serikali zinaombwa kwa fomu PSC namba 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma, ile iliyorekebishwa mwaka 2008, na kwa kawaida tangazo linataka nakala tatu. Tume ya Huduma za Afya ina mfumo wa maombi wa mtandaoni, lakini wilaya nyingi bado zinapokea karatasi, kwa hiyo fuata tangazo lililo mbele yako wala usifuate alivyofanya rafiki yako mwaka jana. Nakala tatu maana yake fomu tatu zilizojazwa, kila moja na viambatanisho vyake na picha yake ya pasipoti. Si fomu moja kamili na nyingine mbili tupu zilizobanwa nyuma yake.

Nafasi ya kwanza ya fomu inauliza kazi unayoomba na namba yake ya kumbukumbu. Nakili cheo neno kwa neno kama kilivyo kwenye tangazo, kwa Kiingereza kilekile, kwa kuwa maombi yote yanaandikwa kwa Kiingereza. Kama wametangaza msaidizi wa kumbukumbu na wewe ukaandika afisa wa kumbukumbu, umeomba kazi ambayo haipo. Ukiomba nafasi mbili, jaza seti mbili kamili.

Fomu itakuuliza shule ulizosoma, matokeo yako ya UCE na UACE, yaani mitihani ya sekondari ya kawaida na ya juu, somo kwa somo, na kazi ulizofanya kwa miaka. Wengi wakifika hapo kwenye kazi wanaandika "tazama wasifu", wanaendelea. Tafadhali msifanye hivyo. Kwenye meza ya mchujo fomu ndiyo inayosomwa kwanza, na pengine ndiyo pekee itakayosomwa. Jaza kila mstari: mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza, cheo, mwajiri. Ukiandika "2021 hadi 2023" peke yake, anayesoma hajui kama ni miaka mitatu au ni mwaka mmoja na siku chache, na sharti likisema miaka miwili, hatakufanyia hesabu ya huruma. Swali la kama umewahi kutiwa hatiani mahakamani lijibu. Kuliacha wazi kunazua maswali yasiyo na sababu. Wadhamini waulize kwanza kabla hujaandika majina yao, na andika namba za simu wanazotumia sasa.

Kama tayari uko serikalini, hata kwa cheo kidogo, maombi yako yanapita kwa mkuu wako wa kazi. Fomu ina sehemu yake ya kuandika mapendekezo. Najua kuna wakubwa wanaokalia fomu za watu. Mpelekee mapema, muombe kwa heshima, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na urudi kuulizia kabla ya siku ya mwisho. Ambatanisha barua ya kuajiriwa na ya kuthibitishwa kazini. Anayejitolea hospitalini bila barua ya tume si mtumishi wa serikali, kwa hiyo sharti hilo halimhusu; aombe kama mtu wa nje.

Nije kwenye jambo linalowaumiza sana watu wetu wa huku, na wa Kasese, Busia na Bombo pia: majina na vyeti vya nje. Mtoto aliandikishwa shule ya msingi kama Muhamad, UCE ikaandika Mohammed, chuo kikaandika Mohamed, na kitambulisho cha taifa kina Muhammed pamoja na jina la babu ambalo halimo kwenye cheti chochote. Wewe unajua ni mtu mmoja. Mwenye jedwali anaona watu wanne. Tume zimekutana na vyeti vya kughushi na vyeti vya watu wengine, kwa hiyo hawana sababu ya kukuamini kwa macho. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo, apa kwamba majina yote hayo ni yako, au kama tofauti ni kubwa, fuata njia ya kisheria ya kubadili jina na urekebishe rekodi NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu. Kiapo hicho kiambatanishe mara moja baada ya fomu, kabla ya vyeti, ili msomaji akutane nacho kabla hajaanza kushangaa. Fanya kazi hii sasa, wakati hakuna tangazo linalokukimbiza.

Waliosoma ng'ambo ya mpaka nao wana kazi yao. Cheti cha KCSE cha Kenya, cha kidato cha nne au cha sita cha Tanzania, au diploma ya serikali ya Kongo ya kumaliza sekondari, hakiingii moja kwa moja kwenye safu iliyoandikwa UCE au UACE. UNEB, bodi ya taifa ya mitihani, ndiyo inayolinganisha matokeo ya sekondari ya nje, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ndilo linalotambua shahada na diploma za nje. Barua zao zinagharimu fedha na muda. Lakini nimeona faili la binti mwenye shahada nzuri ya utawala wa biashara kutoka chuo cha nchi jirani, lenye uzoefu wote uliotakiwa, likiwekwa kando kwa sababu ya kukosa karatasi hiyo moja. Hakuna aliyefurahi mezani pale. Hakuna pia aliyekuwa na mamlaka ya kumruhusu. Na mjue kwamba matangazo ya kazi za kudumu za serikali yanawaita Waganda. Ndugu zetu wakimbizi wenye ujuzi wana haki ya kufanya kazi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ila mlango ulio wazi zaidi kwao ni wa miradi na mashirika.

Tuzungumze uzoefu, maana hapa ndipo swali linarudi kila siku: dada, wanataka miaka miwili, nitaitoa wapi na hakuna anayenipa kazi?

Kabla ya kutafuta uzoefu mpya, angalia kama ule ulio nao umeuandika. Vijana wanaandika wasifu kama wanaogopa kusema walichofanya. "Nilihusika katika uratibu wa shughuli za mradi." Sentensi hiyo haina tiki ndani yake. Ulihusika vipi? Nilimketisha kijana mmoja aliyekuwa ameiandika hivyo hivyo, nikamuuliza siku yake kazini ilikuwaje. Kumbe alikuwa anaandaa maombi ya fedha za posho za wahudumu wa afya wa vijiji, anakusanya fomu za mahudhurio zilizosainiwa, analinganisha majina na namba za simu kabla ya malipo kutumwa kwa simu, kisha anaandaa marejesho, ile tunayoiita akauntabiliti, na kuyafikisha kwa mhasibu kabla mwezi haujaisha. Vituo vya afya vilikuwa vya kata nzima. Hayo yote yalikuwa yamefichwa chini ya neno "uratibu". Tukaandika mistari minne, kila mmoja ukianza na kitendo na kuishia na alichokabidhi: maombi ya fedha, orodha za malipo, marejesho, taarifa ya mwezi. Aliyekuwa akitafuta mtu wa kusimamia fedha ndogo za mradi sasa angeweza kumwona.

Fanya vivyo hivyo. Chukua tangazo, pigia mstari kila kitendo kwenye orodha ya majukumu, kisha ujiulize ni lini ulifanya kitu hicho au kinachokaribiana nacho. Kama wanasema "kuandaa mpango wa ununuzi" na wewe uliwahi kukusanya mahitaji ya idara na kuyaweka kwenye jedwali la mpango wa mwaka kwa mujibu wa sheria ya ununuzi wa umma ya PPDA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa serikali, andika hivyo, kwa maneno ya tangazo. Wengine wanaona hii ni kama kuigiza. Mimi naona ni adabu kwa msomaji: anatumia maneno fulani kutafuta, nawe umpe maneno hayohayo kama ni ya kweli. Yasipokuwa ya kweli usiyaandike, kwa kuwa usaili utayafumua na wadhamini watapigiwa simu.

Kwa asiye na chochote, kujitolea kunasaidia kama utachagua mahali panapofundisha kitu kinachoandikika. Sishauri ukakae mapokezi miezi sita ukielekeza wagonjwa chumba cha daktari. Nenda chumba cha kumbukumbu cha kituo cha afya daraja la tatu au la nne. Mwisho wa mwezi pale kuna kazi kubwa isiyo na mikono ya kutosha: rejista ya wagonjwa wa nje, ya kliniki ya wajawazito, ya uzazi, ya chanjo, ya maabara, zote zinahesabiwa mstari kwa mstari, kwa umri na jinsia, ili kujaza fomu ya HMIS 105, ambayo ndiyo taarifa ya mwezi ya wagonjwa wa nje, kisha takwimu ziingizwe kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Ukurasa mmoja wa rejista umelowa, mwingine mwandiko hausomeki, jumla ya malaria kwenye maabara haifanani na ya chumba cha daktari. Anayekaa na msimamizi wa kumbukumbu, wakafuatilia tofauti hiyo mpaka wakajua ilitokea wapi, amejifunza kitu ambacho darasani hakipatikani, na kwenye usaili atakieleza bila kutafuta maneno. Ghala la dawa ni mahali pengine pazuri: kadi za akiba, maombi ya dawa yanayokwenda NMS kwa mizunguko, kuhesabu zilizokaribia kuisha muda.

Omba nafasi hiyo kwa barua kwa mkuu wa kituo, nakala kwa afisa afya wa wilaya. Na usiondoke bila barua. Barua ya "alijitolea hapa na alikuwa na nidhamu" haikusaidii mezani. Iandikwe tarehe za kuanza na kumaliza, kazi ulizofanya, cheo cha anayesaini, muhuri na simu yake. Mkuu wa kituo ana shughuli nyingi. Muandalie rasimu, mpe aisome na aibadili apendavyo.

Neno la tahadhari hapa, tena natoka moyoni. Baadhi ya vituo vinaishi kwa migongo ya vijana wanaojitolea bila mwisho, wakiahidiwa kwamba tangazo likitoka watafikiriwa kwanza. Mkuu wa kituo hana uwezo wa kutoa ahadi hiyo. Tume ndiyo inayoamua, na kwa masharti ya tangazo. Jiwekee muda, pata barua, songa mbele.

Kuhusu kozi nitasema kidogo. Diploma ya uzamili ya Uganda Management Institute katika utawala wa umma, usimamizi wa miradi au ufuatiliaji na tathmini inatambulika sana kwenye matangazo, na cheti cha sheria kwa maafisa utawala kutoka Law Development Centre hutakiwa kwa baadhi ya vyeo vya utawala vya juu. Kwa uhasibu, cheti cha kitaaluma cha CPA. Lakini usinunue kozi kabla hujasoma matangazo ya zamani ya cheo unachokitaka. Vyeti vya warsha za siku mbili havijazi safu yoyote, na vikiwa kumi vinafunika kile kimoja cha maana.

Miradi sasa. Huku kuna wasifu na barua, kwa kawaida vyote katika faili moja la PDF kwa barua pepe au kwenye mfumo wa mtandaoni, na masharti mara nyingi ni makali kuliko ya serikali kwa sababu mfadhili anataka mtu aanze kazi wiki ya kwanza. Kichwa cha barua pepe kiwe kile walichoagiza. Faili liitwe kwa jina lako na cheo, si "CV mpya ya mwisho 2". Barua iwe ya ukurasa mmoja, ijibu masharti kwa mpangilio uleule wa tangazo. Zile barua zinazouzwa kwenye vibanda vya kompyuta, zinazoanza kwa kusifu shirika kwamba ni kinara duniani, tunazitambua kwa sura. Nimezikuta tatu zinazofanana hadi nukta katika rundo moja.

Onyesha kwamba unajua mfumo wa afya ambamo mradi utafanyia kazi. Mradi hauelei hewani. Unaingia wilayani kwa mkataba wa maelewano na CAO, unafanya kazi na timu ya afya ya wilaya, takwimu zake zinapita kwenye DHIS2 ileile ya wizara, na wahudumu wake wa kijiji ni walewale wa VHT, timu za afya za vijiji. Mwombaji anayeandika "nilifanya mikutano ya robo mwaka ya kupitia takwimu pamoja na mtakwimu wa wilaya na wakuu wa vituo" amekwisha kutuambia mengi kwa mstari mmoja. Lugha nazo ziandike vizuri. Kwa kazi za makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, Rhino Camp, Nakivale au Kyangwali, Kiswahili ni nyenzo ya kazi, hasa kwa Wakongo. Usiandike "Kiswahili: vizuri". Andika kwamba uliendesha kikao cha jamii kwa Kiswahili na kuandika muhtasari wake kwa Kiingereza, kama kweli ulifanya hivyo.

Lazima pia mjue hali ilivyobadilika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, lilikuwa limeacha kuendesha programu zake. Hapa kwetu watu wengi wa miradi ya VVU na kifua kikuu walipoteza kazi, na wizara ikaelekeza huduma za VVU ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali. Maana yake kwenu ni mbili. Mnashindana na watu wenye uzoefu mrefu waliorudi sokoni, kwa hiyo nafasi ya kwanza ya mradi inaweza kuwa ya msaidizi kwa mkataba mfupi, na si aibu kuichukua. Na ujuzi wa ndani ya mfumo wa serikali umepanda thamani: anayejua bajeti ya wilaya inavyoandaliwa, fedha za huduma ya msingi zinavyofika kituoni kila robo mwaka, na malipo yanavyopitishwa kwenye mfumo wa fedha wa IFMS, anahitajika popote fedha zitakapopitia. Mtu akiniuliza leo achague kazi ya wilaya yenye mshahara mdogo au mkataba wa mradi wa miezi kumi, nitamshauri wilaya, isipokuwa awe na mzigo wa familia usiosubiri.

Jambo la wauza nafasi. Utapigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa wa tume, anajua jina lako na cheo ulichoomba, anataka fedha ili jina lako "lipandishwe". Kuna wazazi waliouza ng'ombe kwa simu kama hiyo. Tume haitozi fedha kumwita mtu kwenye usaili, na matangazo yenyewe yanaonya kwamba kushawishi kwa njia hizo kunakuondoa. Usilipe. Hifadhi namba na ujumbe, upeleke kwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG, au kwa kitengo cha kupambana na rushwa cha Ikulu. Anayelipa anamnyang'anya nafasi mtoto wa mwenzake, na mara nyingi hata yeye haipati.

Ukishapeleka maombi, usibadili namba ya simu. Waliopita mchujo huitwa kwa simu, kwa orodha gazetini, kwenye tovuti ya tume au kwenye ubao wa wilaya, na orodha ya ubaoni haimfuati mtu nyumbani. Kama unaishi mbali na wilaya uliyoomba, tafuta ndugu au rafiki atakayepita pale kila wiki na kukupigia picha. Baadhi ya tume huanza na mtihani wa maandishi kabla ya kukaa na jopo, hasa waombaji wakiwa mamia, kwa hiyo jizoeze hesabu za asilimia na kuandika barua ya ofisi kwa mkono. Siku hiyo beba vyeti halisi vyote, kitambulisho cha taifa, kile kiapo cha majina, na nakala ya fomu uliyoijaza. Isome usiku kabla ya kwenda: jopo litakuwa na nakala yako mbele yao, na swali lao la kwanza huenda likatoka kwenye mstari ulioujaza wewe mwenyewe.